Mume wa Kliniki

Mwanamume aliyesimama kando yangu kliniki nilipobeba mimba ya kwanza hakuwa mume wangu. Mume wangu anajua, kwa hiyo msianze kunitazama hivyo. Wakati huo Baba Baluku alikuwa akiendesha gari la wageni kule Mweya, ndani ya hifadhi, na kurudi kwake Bwera kulitegemea wageni wameisha au bado. Mimi nilibaki na tumbo langu, na kituo chetu cha afya kilikuwa na utaratibu wake: siku ya kwanza mwanamke aje na mumewe, wapimwe damu wote wawili, washauriwe pamoja. Aliyekuja na mume aliitwa mapema. Aliyekuja peke yake alikaa kwenye benchi mpaka makalio yafe ganzi, au alirudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji kueleza mume wake ameenda wapi. Sasa nani anataka mwenyekiti wa kijiji ajue mume wake ameenda wapi?

Jirani yangu, mtu wa boda, ndiye aliyenipeleka asubuhi hiyo. Aliegesha pikipiki, akatazama ule msururu wa wanawake, akanitazama mimi. Waendesha boda wetu huvaa koti kinyumenyume, mgongo ukae mbele, upepo usiwaingie kifuani. Basi akalivua lile koti, akalivaa sawasawa kama watu wengine, akafunga vifungo mpaka shingoni, akalainisha nywele kwa kiganja.

“Tuende,” akasema.

“Wapi?”

“Ndani. Mimi iko mume yako mupaka saa ya chakula.”

Nilicheka mpaka mtoto akageuka tumboni. Lakini nilienda! Niliitwa mapema, nikapimwa, nikapewa vidonge vyangu na kadi yangu, na saa ya chakula nilikuwa nyumbani nakula muhogo huku mume wangu wa asubuhi akiwa steji anagombania abiria. Hivyo ndivyo nilivyomjua vizuri mtu ambaye Bwera nzima ilikuja kumwita Mume wa Kliniki.

Jina lake la kuzaliwa silitaji. Kwetu Wakonzo halina siri yoyote hata hivyo, maana majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea. Jina linakusubiri kabla hujafika. Ndiyo sababu sikuweza kumwita mwanangu jina la jirani huyu hata kama nilitamani, na nilitamani sana.

Kazi hiyo ya kuwa mume aliifanya kwa bidii ya ajabu. Hakudai chochote zaidi ya nauli. Njiani, pikipiki ikirukaruka kwenye mashimo, alikuwa akiuliza kwa sauti ya kushindana na injini: “Tunakaa wapi? Mimi nafanya kazi gani? Mama yangu anakupenda ama hapana?” Sista, muuguzi aliyesimamia kliniki, alikuwa na tabia ya kuuliza maswali, na jirani yangu hakutaka kukamatwa hajui mambo ya nyumba yake. Kwa mwanamke mmoja alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Maliba. Kwa mwingine alikuwa mwalimu Bulembia. Kuna siku alichanganya, akamwambia sista yeye ni mchungaji wa kanisa, na sista akamwomba aombee chumba kizima. Akaomba! Yule mwanamke aliyekuwa naye alinihadithia kwamba aliomba kwa uchungu mpaka muuguzi mmoja akafuta machozi.

Alikuwa na namna yake na kila mmoja. Mwanamke mwenye haya alimsemea. Mwanamke mwenye mdomo kama mimi alimwachia aseme, yeye akatikisa kichwa tu kama mume aliyezoea. Alibeba mkoba. Alifuta benchi kwa mkono wa koti kabla hujakaa. Wanaume halisi wawili watatu waliokuwepo walimtazama kwa chuki, kwa sababu wake zao nao walianza kusubiri kufutiwa benchi.

Sasa jambo la damu. Mtu huyu mkubwa, mwenye mabega ya kubeba gunia la kahawa, aliogopa sindano kupita kiasi. Na kila alipokuwa mume ilibidi achomwe! Aligeuza uso ukutani, akafumba macho, akashika mkono wa mke wa siku hiyo na kuubana mpaka sisi ndio tukawa tunalia. “Damu yangu imepimwa kuliko mutu yeyote hapa Bwera,” alijisifu akishatoka nje. “Mimi iko musafi na makaratasi iko.” Ukimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, alisema maneno yaleyale kila siku: “Mama mujamuzito hakai nje.” Basi. Hakuongeza.

Nilikuja kumwelewa kidogo siku ya Mama Mumbere. Huyu ni rafiki yangu wa sokoni. Mimi nauza vitenge pale Mpondwe mpakani, na yeye ni Mkongomani wa Butembo, anauza meza ya pili kutoka yangu. Alivuka mto na mimba, na kitambaa kimoja, na mtoto wake Mumbere mgongoni. Mume alibaki kule, na hakuna aliyejua kama alibaki hai. Alipofika kliniki sista akamuuliza mume yuko wapi, na Mama Mumbere, ambaye sokoni anaweza kunyamazisha wanunuzi kumi kwa pamoja, akakosa jibu. Jirani yangu alikuwa pale mlangoni, ameleta mama mwingine tu, koti bado liko kinyumenyume. Akaligeuza palepale.

“Iko hapa,” akasema. “Mimi.”

“Hata hakuniuliza jina,” Mama Mumbere huniambia hadi leo. “Alisema ‘mimi’, nikakaa. Dada, nilikaa muzuri siku ile, njo pale nililia.”

Hebu sasa niseme lile tulilolijua wote na hatukulisema. Mtu huyu aliyesindikiza nusu ya wanawake wa Bwera hakuwa na mtoto. Alikuwa na mke, mwanamke mrefu wa milima ya Maliba, mwenye maneno machache na mkono mzuri wa kilimo, na mke huyo hatukuwahi kumwona kwenye lile benchi hata siku moja. Zamani, kabla ya pikipiki, walipata wasichana wawili, na wote wawili walizaliwa nyumbani, mvua inanyesha, njia imeharibika, hakuna wa kumshusha mama mlimani. Masika aliishi siku chache. Biira aliondoka kabla jua halijazama. Pikipiki ilinunuliwa baadaye. Mwaka hadi mwaka tumbo la mkewe likabaki kimya, na watu wakaacha kulitazama.

Ukiishi kwetu utaelewa adhabu iliyomo humo. Kila nyumba ina Masika wake. Asubuhi mama anapaza sauti, “Masika, leta maji!” na jioni mwingine, “Masika, rudi!” Jirani yangu hakulitamka jina hilo. Wasichana wote wa kwanza wa kijiji, hata wa kunyonya, aliwaita “shangazi.” “Shangazi, salimia mama.” “Shangazi, toka barabarani.” Watoto walidhani ni mchezo, wakampenda kwa ajili hiyo. Alicheka nao, akawapa honi wapige. Lakini mtoto mchanga akilia alikumbuka ghafla kwamba ana abiria mahali.

Na msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwongo wa kupindukia, nimeshawaeleza. Alikuwa mbishi wa mpira. Alipita mto Lhubiriha sehemu isiyo ya kupita na mizigo ambayo sikuuliza ni ya nini. Na tamaa ya sifa ndiyo iliyomponza, kwa sababu siku moja ya kliniki alikubali kuwa mume mara mbili.

Asubuhi aliingia na mwanamke wa Kisinga. Kabla ya saa sita akarudi na mwingine, akiwa amebadilisha kofia tu, akidhani kofia inatosha. Sista wetu, lazima niwaeleze, ni binti wa mwanajeshi. Alizaliwa kambini, akakulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kupangisha watu mstari. Tulimwita Afande kisirisiri.

“Wewe!” akasema. “Simama pale! Asubuhi ulikuja na nani?”

Jirani yangu akavua kofia. “Sista, mimi iko na nyumba mbili.”

Kutoka mwisho wa benchi sauti ya mwanamke ikauliza, “Mbili tu?”

Mungu wangu! Benchi zima lilipasuka. Wanawake walishika matumbo yao kwa mikono miwili, mmoja akawa anaomba tumnyamazishe asije akajifungua palepale. Hata muuguzi wa chanjo alijificha nyuma ya pazia. Sista peke yake hakucheka.

“Damu yako nimeipima mpaka nimeichoka!” akamwambia. “Yako inanisaidia nini? Mwenye mimba hii yuko huko nje, sijui ana ugonjwa, sijui hana. Mama nampa dawa hapa, akirudi nyumbani anaanza upya. Na mtoto je? Unafikiri unawasaidia? Toka! Geuka! Nikikuona tena mlangoni hapa na mwanamke, naita askari!”

Akatoka. Nilimkasirikia sista kwa wiki nzima, nikimsema sokoni kwa kila aliyetaka kunisikiliza. Halafu hasira ikapita, nikakaa nikafikiri, na lazima niseme ukweli: sista alikuwa na haki. Sindano zote zile alizochomwa jirani yangu hazikuniambia lolote kuhusu Baba Baluku.

Mume wa Kliniki naye alifikiri. Alinuna siku kadhaa, akawa hasemi hata mpira. Kisha akanijia uso umefunguka. “Jirani, hataki mimi? Sawa. Nitamuletea wenyewe.”

Ndipo ulipoanza wakati mtamu kuliko wote, na waume wa Bwera hawajaumaliza kuusimulia. Alianza kuwawinda! Mwanamke akimwambia mume wake yuko kilabuni, alienda kilabuni. Akiwa Katwe anachimba chumvi, alishuka mpaka Katwe, akamtoa ziwani miguu bado myeupe. Hakubembeleza. Alikuwa ameiga sauti ya sista barabara: “Wewe! Panda! Bibi yako iko kwa benchi!” Mtu mzima aliacha chupa yake nusu akapanda. Wengine walijifunza mlio wa ile pikipiki, wakawa wakiusikia wanaingia migombani. Aliwafuata humo humo. Mmoja alimpata juu ya mti wa parachichi, akakaa chini yake anapiga honi mpaka akashuka.

Wakati wa mimba yangu ya pili alimfuata Baba Baluku mpaka Mweya. Akamwambia neno moja tu, “Panda, nyumbani iko maneno,” halafu akafunga mdomo njia nzima. Baba Baluku alifika mlangoni amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, machozi yamechora mistari, akanikuta nabandika maharage.

“Nilidhani umekufa!” akasema.

“Sijafa. Kesho ni kliniki.”

Niliwakimbiza wote wawili na kandambili. Lakini kesho yake mume wangu aliketi kwenye lile benchi, akapimwa, akasikia kwa masikio yake dalili za hatari, damu ikitoka ufanye nini, kichwa kikiuma sana ufanye nini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfuata tena. Alikuja mwenyewe. Wengi walianza kuja wenyewe, kwa kuogopa aibu ya kutolewa kilabuni kwa honi, na benchi letu likawa na suruali nyingi kuliko lilivyowahi kuwa.

Basi siku moja ya gulio, nimepanga vitenge vyangu, nikaona jirani yangu amesimama mbele ya meza anashika kitambaa, anakiachia, anashika kingine. Mtu asiyejua kitenge wala khanga.

“Jirani,” akasema polepole, “bibi yangu iko na mimba.”

Nilipiga kelele! Mama Mumbere aliruka kutoka mezani kwake akidhani ni mwizi. Jirani yangu akaweka kidole mdomoni. “Usipige kelele. Hataki kwenda.”

“Wapi?”

“Kliniki. Anasema hawezi.” Akakikunja kile kitenge, akakikunja tena. “Wale wawili tulizalia nyumbani. Yeye sasa si musichana. Nikipoteza na huyu, ama nikipoteza yeye...” Alikiweka kitenge chini vibaya, akaondoka, na honi yake hatukuisikia siku nzima.

Nilienda jioni hiyohiyo. Mkewe alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa chai, akaniacha niseme yote niliyokuja nayo. Kisha akaniuliza, bila hasira, “Mimi nikae kwa ile benchi?”

“Ndiyo, dada.”

“Ile yenye mmekaa wote na mume wangu. Nikiingia, mtanyamaza. Nikipita, mtacheka. Mtasema, leo ameleta ya kwake. Miaka yote nasikia sokoni mnamwita ‘mume wangu, mume wangu.’ Mimi nalima. Sikusema kitu. Lakini kukaa hapo, hapana. Afadhali nizalie hapa.”

Kila kicheko nilichocheka kuhusu jirani yangu, na kila utani wa “mbili tu,” ulikuwa umefika kwenye mlango huu na kuingia. Kliniki aliyowafungulia wote, mumewe alikuwa ameifunga kwa mke wake mwenyewe, na hakuwa na habari. Nilirudi nyumbani moyo umenishuka.

Aliyefungua fundo ni Mama Mumbere. Nilimsimulia asubuhi, akanisikiliza huku anapanga dagaa wake, halafu akaacha mkono hewani.

“Sisi tulikosea desturi,” akasema. “Sisi wote beko bibi zake badogo. Ni nani alienda kusalimia mukubwa?”

Akili gani hiyo! Huku kwetu na kule kwao jambo hili ni moja: mwanamume akiongeza mke, mke mdogo anapelekwa kwa mkubwa. Anaenda na kitu mkononi, anapiga magoti, mkubwa anampokea na kumpa kazi ya kwanza. Asipofanya hivyo hahesabiki, na dharau yote inamwangukia mkubwa. Hatukufanya hivyo. Tulimchukua mume wa mtu hadharani, na hakuna hata mmoja aliyeenda kwa mwenye nyumba kubisha hodi.

Basi tukaenda! Siku ya kliniki, asubuhi, vitenge vimepigwa pasi, wengine na watoto mgongoni, wengine na matumbo mapya. Mmoja alishika kuku, mwingine ndizi, mimi nilikata kitenge changu kizuri kuliko vyote, kile cha kijani nilichokuwa nakificha wateja wasikione. Tulikuwa wengi mpaka mbwa wa njiani alikimbia. Mke wa Mume wa Kliniki alikuwa mlangoni anamenya muhogo. Alituona tunapanda kilima, akasimama na kisu mkononi.

Mama Mumbere alipiga magoti wa kwanza. Sote tukafuata, na wenye matumbo wakashikiliwa.

“Mama Mukubwa,” akasema, “sisi beko bibi zako badogo. Tulichukua mume yako bila kukuomba ruhusa. Tumekuja kuomba musamaha na kumurudisha.”

Mwanamke yule mrefu alitutazama mmoja mmoja. Macho yake yakafika kwa watoto, yakakaa hapo.

“Na hawa?”

“Hawa hapana!” tulipiga kelele kwa pamoja. “Hawa tulikuja nao!”

Nilimwona mdomo wake unatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka akajishika ukutani, kisu kikaanguka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda. Alipopata pumzi alitunyoshea kidole, mmoja mmoja. “Wewe, maliza muhogo. Wewe, chota maji. Wewe wa vitenge, mwenye kelele, osha hiyo sufuria.” Niliosha. Sijawahi kuosha sufuria kwa furaha vile. Yeye akaingia ndani akaoga, akatoka amejifunga kitenge changu cha kijani, na tukamteremsha kilimani sisi tukiwa nyuma yake kama inavyotakiwa.

Kliniki tulimpa mwanzo wa benchi. Sista alitoka, akaona umati, akaona mke mgeni mbele.

“Huyu, mume wake yuko wapi?”

Benchi zima likanyosha mikono kuelekea getini. Yeye alikuwa nje ya geti, ameshika vyuma, kwa sababu amri ya sista bado alikuwa anaiheshimu. Sista akamwendea.

“Wewe! Leo ni mume wa nani?”

“Sista,” akasema, “leo ni kweli.”

Sista akamgeukia mkewe. “Ni mume wako?”

“Ni wangu,” akajibu yule asiye na maneno. “Hawa wengine niliwaazimisha tu.”

Binti wa mwanajeshi alishindwa. Alicheka mpaka kofia ikamlegea, akafungua geti kwa mkono wake mwenyewe. Jirani yangu akaingia, akapimwa damu, uso ukutani, macho amefumba, na mkono aliobana safari hiyo ulikuwa wa mke wake wa kweli. Baada ya hapo hawakukosa siku ya kliniki hata moja. Nilikuwa nawaona wakipita mbele ya soko, pikipiki inaenda taratibu hata baiskeli zinaipita, mke amekaa nyuma amenyooka.

Mwezi uliopita nilimpeleka kitinda mimba wangu chanjo. Nikamkuta jirani yangu amekaa kwenye lile benchi, peke yake, mikono katikati ya magoti. Koti lilikuwa kinyumenyume, limejaa vumbi. Nikajua mkewe yuko ndani anajifungua. Nikakaa kando yake bila kuuliza.

“Tangu asubuhi,” akasema. “Sista amepita anakimbia. Alipita tena. Hakuniangalia.”

“Sista hukimbia kila siku.”

“Jirani, hapa nimesimama kwa watu wote. Leo miguu imekataa.”

Nilimshika mkono, naye akaubana kama zamani. Wanawake wa kliniki walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mengine, na habari ilishawafikia. Nami niseme wazi, niliogopa. Nilikuwa nawafikiria wale wawili na mvua ile ya zamani, nikawa naomba kimoyomoyo kwa maneno yoyote yaliyokuja.

Mlango ukafunguka. Sista akatoa kichwa. “Mume wa yule mama wa Maliba!”

Jirani yangu akageuka kushoto, akageuka kulia. Nawaambieni ukweli, alikuwa anamtafuta huyo mume! Alinyosha shingo mpaka getini aone kama kuna mwanamume anayekuja.

“Ni wewe!” nikampiga bega. “Simama! Ni wewe!”

Akasimama. Akaenda. “Koti!” nikamwita, lakini hakusikia, akaingia vilevile, mgongo wa koti mbele. Kisha mlango ukafungwa, na ndani mtoto akalia, kilio kikali cha mtu aliyefika na ana malalamiko. Tulingoja kumwona akikumbuka abiria mahali. Hakutoka.

Alipotoka hatimaye alikuwa amembeba mtoto aliyezungushiwa kile kitenge cha kijani, na sista yuko nyuma yake anamwelekeza mikono ikae vipi. Mama mzima, sista akatutangazia kwa sauti ya gwaride, mama mzima kabisa, anaomba chai. Tukapiga vigelegele mpaka wa chanjo wakatoka nje. Mtu akauliza, nani huyo, anaitwa nani?

“Kabugho,” akasema. Akamrekebishia kitenge usoni, akatutazama, akaona kwamba haitoshi. “Kabugho. Dada zake ni Masika na Biira.”

Wote tuliokuwa tumekaa tulisimama. Miaka yote hiyo ya ujirani, nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina la Masika.